Wanafunzi wa kituo cha jioni wakishafaulu kidato cha nne waende wapi? Naomba ushauri

MwalimuRangiTatu (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni mwalimu katika kituo kidogo cha jioni huku Mbagala, chenye vyumba viwili vya kupanga na wanafunzi ambao hawakupita njia ya kawaida ya sekondari. Wamo wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito, wamo vijana wa bodaboda, wamo mama lishe wawili wanaokaribia miaka arobaini, na wamo waliokwama kidato cha pili wakaona aibu kurudi darasani na wadogo zao. Tunafundisha kwa utaratibu ambao wengi mnaufahamu: mwaka wa kwanza tunapitia kidato cha kwanza na cha pili kwa pamoja na kuufunga kwa Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT, kisha mwaka wa pili tunapitia kidato cha tatu na cha nne hadi mtihani wa taifa wa Novemba.

Kwa miaka mingi nilijipima kwa matokeo tu. Matokeo yakitoka Januari nilikuwa nahesabu waliofaulu, nawapigia simu kuwapongeza, kisha nageukia kundi jipya. Mwaka jana nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani: nilichukua orodha ya kundi la miaka miwili iliyopita na kuwatafuta mmoja mmoja. Walikuwa 19 waliofanya mtihani wa kidato cha nne, na 11 kati yao walipata ufaulu wa masomo manne au zaidi. Katika hao 11 niliowahesabu kwa furaha, watatu tu ndio walioko chuoni leo. Wengine niliwakuta walipokuwa kabla hawajaja kwangu: mmoja anamuuzia shangazi yake vitenge Kariakoo, mwingine yuko kijiweni na pikipiki ya mkataba, na mmoja, msichana aliyekuwa hodari kuliko wote katika Baiolojia, aliniambia, "Mwalimu, cheti ninacho, kiko kabatini." Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Simaanishi kwamba kuuza vitenge ni kazi duni. Ninachosema ni kwamba walikuja kwetu wakitaka kitu kingine, wakalipa ada kwa shida, wakasoma usiku baada ya kazi, wakafaulu, na sisi tukawaacha pale pale kizingitini.

Mwaka huu nina wanafunzi 26 wanaoanza mwaka wa pili, na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea ndio huu unaendelea. Tunasoma kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, siku tano kwa wiki, na siwezi kuongeza hata nusu saa kwa sababu wenye familia lazima wawahi daladala. Naomba kujua kwa wenye uzoefu: mtu anayetoka kwenye njia hii ya pembeni aandaliwe vipi ili afaulu mtihani na pia aingie chuoni au kazini na kudumu huko? Na je, kazi hiyo ianze lini?

---

AfisaUdahili_DSM

Mwalimu, asante kwa kuileta mada hii. Mimi ninahusika na udahili katika chuo kimoja cha kati hapa jijini, na wanafunzi wa vituo kama chako ninakutana nao kila mwaka, wengine wakiwa wameshachelewa. Swali lako la mwisho nitalijibu kwanza: kazi ianze wiki hii, kabla hujawasilisha majina NECTA, yaani Baraza la Mitihani.

Sababu ni uchaguzi wa masomo. Ili mtu adahiliwe kuanza ngazi ya nne ya tuzo za ufundi, yaani hatua ya kwanza kuelekea stashahada, vyuo vingi vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, vinataka ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne ya kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mwaka uliopita nilimpokea dada mmoja aliyefika na Kiswahili, Historia, Uraia na Elimu ya Dini, alama nzuri tu, akiamini anayo manne. Kwa mujibu wa sifa za udahili alikuwa nayo matatu. Ilinibidi nimwambie arudi kufanya somo moja zaidi, na nilimwona machozi yakimlengalenga kwa sababu alikuwa ameshaaga kazini.

Zaidi ya idadi, yapo masomo ambayo kila fani inayadai kwa jina. Anayetaka uuguzi au utabibu hawezi kukwepa Kemia, Baiolojia na Fizikia, na fani nyingi za uhandisi zinadai Hisabati na masomo ya sayansi. Naelewa kwa nini vituo vya jioni vinaegemea masomo ya sanaa: maabara hakuna, mwalimu wa Fizikia ni wa kuazima, na kila mtu anaogopa kupata F. Lakini mwanafunzi wako hodari wa Baiolojia, kama hakusajiliwa Kemia na Fizikia, hakuna mtu aliyemfungia mlango wa afya baada ya mtihani. Ulifungwa siku ile fomu ya usajili ilipojazwa. Kwa hiyo muulize kila mmoja wa hao 26 anataka kwenda wapi, fungueni pamoja mwongozo wa udahili ambao NACTVET huuchapisha kila mwaka kwenye tovuti yake bila malipo, msome sifa za fani hiyo, na ndipo masomo yachaguliwe kutokana na kile mlichokisoma.

Jambo la pili nitalisema kwa msisitizo kwa sababu linaonekana dogo: majina. Mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kikatafutwa baadaye kwa jina la baba, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ikachukuliwa kwa jina la tatu, na cheti cha kidato cha nne kikatoka na herufi moja iliyopungua. Kwa mtu aliyesoma mfululizo shule moja mambo haya hurekebishwa mapema na walimu wake, lakini mwanafunzi wako ameacha shule, amehama mkoa, ameolewa, na kila mahali ameacha jina tofauti kidogo. Anapoomba chuo, na hasa anapoomba mkopo ambapo cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, tofauti hizo zinakuwa ukuta. Hati ya kiapo husaidia katika baadhi ya mambo, si yote, na kupata cheti cha kuzaliwa kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuandikishwa kunaweza kuchukua miezi. Tenga jioni moja tu, kila mmoja aje na karatasi zake zote, mziweke mezani na kulinganisha herufi kwa herufi.

La tatu ni kalenda. Vyuo vya kati vina mikupuo miwili ya udahili, Machi na Septemba, na anayesubiri mpaka apate cheti chenyewe mkononi huwa ameshapitwa na mkupuo wa kwanza, ilhali matokeo yaliyotangazwa yanatosha kuanzia maombi. Kwa upande wa VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu masomo ya kozi ndefu huanza Januari na fomu hutolewa mwaka unaotangulia, wakati ambapo wanafunzi wako wamezama kwenye marudio ya mtihani wa Novemba na hakuna anayewaza kuchukua fomu. Nafasi hiyo inawapita bila wao kujua kwamba ilikuwapo.

---

MamaNasra_Yombo

Mwalimu, nimesoma ulivyosema kuhusu yule dada mwenye cheti kabatini nikajiona mimi mwenyewe. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili mwaka 2014, nikapata mtoto, nikakaa nyumbani miaka minne, kisha nikaingia kituo cha jioni (si chako, ni cha upande wa huku Temeke). Nilifaulu QT, nikafaulu kidato cha nne, na cheti changu kilikaa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati karibu miaka mitatu. Leo niko mwaka wa pili wa stashahada ya uhasibu. Naomba niseme kilichonizuia, kwa kuwa sikuona kama Afisa amekigusa, ingawa yote aliyosema ni kweli.

Kilichonizuia ni kwamba sikuwahi kukanyaga chuo chochote. Nilipita nje ya geti la chuo kimoja kila siku nikiwa kwenye daladala, na katika akili yangu yale majengo yalikuwa ya watu wengine, watu waliovaa sare kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne bila kukatika. Nilikuwa na miaka 25 na mtoto anayeanza shule. Niliamini kwamba nikiingia pale mlinzi ataniuliza nimemleta nani. Siku niliyoingia hatimaye ni kwa sababu rafiki yangu tuliyesoma naye kituoni, ambaye alikuwa ameshaanza, alinishika mkono akanipeleka mpaka dirisha la udahili, akanisubiri nje saa mbili. Hakuna semina ambayo ingefanya kazi ile. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: wale watatu wako walioko chuoni waite. Wasije kutoa hotuba; waje wakae na wenzao jioni moja, waulizwe maswali ambayo mwalimu haulizwi: mtoto unamwacha na nani, nauli unatoa wapi, wenzako darasani wanakuitaje. Kisha Jumamosi moja wawapeleke kundi dogo wakaone darasa, maktaba, na hata choo.

Jambo la pili ni lugha, na hili naomba walimu wa vituo wanisikilize vizuri. Sisi tulisoma msingi kwa Kiswahili, tukaacha sekondari kabla Kiingereza hakijakaa, kisha tukasoma vidato vinne kwa miaka miwili kwa kukariri maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake. Mtihani tunaufaulu, lakini wiki ya kwanza chuoni mhadhiri anazungumza Kiingereza saa mbili mfululizo, hasimami kuandika ubaoni, na mwisho anasema andikeni kurasa tatu mlete Jumatatu. Mimi sikuwa nimewahi kuandika kurasa tatu zangu mwenyewe za kitu chochote, katika lugha yoyote. Tulianza wanne tuliotoka vituo vya jioni. Wawili waliondoka kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza. Ada walikuwa wamelipa, akili walikuwa nazo, ila waliona aibu kuuliza na wakadhani ni wao peke yao wasioelewa.

Kama una saa tatu tu kwa siku, chukua dakika ishirini kila Ijumaa. Zungumza somo lako kwa Kiingereza bila kuandika ubaoni, waache wao waandike wanachokisikia, kisha wabadilishane madaftari waone nani amekosa nini. Na mara moja kwa mwezi mpe kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu kazi anayoifanya mchana, kwa maneno yake. Mama lishe wako anajua kupanga bei, kukopesha, kudai na kufunga hesabu ya siku. Hayo yote ni somo la biashara, ila hajawahi kuambiwa hivyo.

---

FundiKeko

Salaam kwenu. Mimi nina karakana ya samani Keko na ninafundisha vijana kazi. Nimesoma mada hii kwa makini kwa sababu wengi wanaokuja kwangu ni hao hao wa vituo, na naomba nitoe upande ambao haujasemwa.

Ninyi mnazungumza kana kwamba kijana akitoka kidato cha nne mlango ni mmoja tu wa stashahada. Wako vijana ambao tayari wana ufundi mikononi. Mmoja wangu anatengeneza kitanda cha mninga kuanzia mbao mpaka rangi, na kazi yake inanunuliwa na watu wa Masaki, lakini ukimuuliza cheti hana hata karatasi moja. Kwa mtu kama huyo VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: wanampima kwa vitendo kazini kwake au kituoni, wanaona anachokijua na asichokijua, anapewa mafunzo ya kuziba mapengo, kisha anapewa cheti. Vijana wangu wawili wamepita njia hiyo. Kilichobadilika si ustadi wao, kwani walikuwa nao. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanaweza kuingia katika kikundi kinachoomba kazi ya madawati ya shule na nyaraka zao zikapokelewa.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hujamuuliza mwanafunzi anataka kusoma nini, muulize anafanya nini saa hizi, na kwa muda gani. Kijana wa bodaboda anayefungua injini ya pikipiki yake mwenyewe ni fundi aliyekosa jina. Huyo akienda kozi ya ufundi magari pale VETA Chang'ombe atakuwa mbele ya wenzake, na akiendelea mpaka ngazi ya tatu ya tuzo ya ufundi stadi, viko vyuo vya ufundi vinavyompokea kusonga mbele hata kama ufaulu wake wa kidato cha nne haujafika masomo manne.

Na jambo moja kutoka kwetu tunaoajiri. Wanaokuja kwangu na cheti, wengi hawajui kuandika oda ya mteja ikaeleweka, wala kupima na kuandika vipimo bila kukosea, wala kutoa taarifa wanapochelewa. Hayo yanafundishika kituoni bila gharama. Mwanafunzi asiyekuja leo atume ujumbe kabla ya saa 9, aeleze sababu na lini atarudi. Akizoea hilo miaka miwili, karakana yoyote itamtaka.

---

MamaNasra_Yombo

Kaka Fundi, nakubaliana nawe kuhusu utambuzi wa ujuzi na ninaheshimu kazi yako. Ila naomba tuwe waangalifu na swali la "unafanya nini saa hizi". Mwanamume akiulizwa atasema injini, mbao, umeme. Msichana aliyekuwa nyumbani akilea atasema anapika na anafua, na mwalimu mwenye nia njema atamwandikia ushonaji au mapishi. Mimi niliandikiwa ushonaji. Sikuwahi kupenda cherehani hata siku moja. Nilipenda hesabu, na aliyeligundua hilo ni muuza duka niliyekuwa namsaidia kufunga mahesabu ya jioni. Waulizwe yote mawili, wanachofanya na wanachokipenda, na wasichana waonyeshwe pia karakana za umeme na kompyuta kabla hawajachagua.

---

FundiKeko

Hilo umelisema kweli, dada. Karakana yangu ina msichana mmoja tu, na ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko wote kwenye kupaka vanishi. Nitalifanyia kazi.

---

MstaafuTemeke

Wanangu, nimefurahi kusoma majibu yenye adabu na maarifa namna hii. Nimefundisha madarasa ya jioni tangu nikiwa kijana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria, na sisi tuliokuwa walimu wapya wakati ule tuliamini kwa dhati kwamba elimu ya mtu mzima inapimwa kwa maisha yake yanavyobadilika. Mahali fulani katikati ya safari tulianza kuipima kwa mtihani peke yake. Kwa hiyo, mwalimu, kule kuwatafuta wanafunzi wako mmoja mmoja umefanya kazi ambayo wengi wetu tuliiacha.

Nina machache ya kuongeza. Kwanza, usijaribu kubeba kila kitu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kupitia mradi wa serikali wa SEQUIP, imekuwa ikiwasomesha bila ada wasichana waliokatisha masomo ya sekondari, na kwa msichana anayeshindwa ada yako huko ndiko kwa kumwelekeza. Vilevile tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida, kwa hiyo binti mdogo wa miaka kumi na sita aliyeacha shule juzi pengine mahali pake si kituo cha jioni kabisa. Pili, kwa anayetaka ufundi na anaweza kuishi nje ya jiji kidogo, viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Cha Kisarawe na cha Kibaha si mbali na Dar es Salaam, na kwa asili yake vyuo hivi viliundwa kwa ajili ya watu wa namna hii.

Tatu, wanafunzi wako wanaposhindwa kusoma nyumbani kwa sababu ya kelele na giza, wapeleke Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ilifunguliwa mwaka 1967 na mpaka leo ni mahali ambapo mtu wa Mbagala anaweza kukaa meza moja na mwanafunzi wa chuo kikuu. Mazoea ya kukaa maktaba saa nne bila kuinuka ni maandalizi ya chuo kuliko somo lolote.

Mwisho, msisahau Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia, na kina programu ya msingi kwa wasio na sifa za moja kwa moja. Mwanafunzi wako akimaliza kidato cha nne aende huko.

---

AfisaUdahili_DSM

Shikamoo mzee wangu. Naomba kwa heshima nirekebishe sehemu moja tu, kwa sababu nimeona watu wakipoteza nauli na muda kwa jambo hilo. Programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria haimchukui mwenye cheti cha kidato cha nne pekee. Ni kwa aliyefika kidato cha sita akapata pointi zisizotosha kuingia chuo kikuu moja kwa moja, au mwenye stashahada ya ufaulu mdogo, na wengine wa kiwango kinachokaribiana na hicho. Kwa mwanafunzi wa mwalimu wetu njia iliyonyooka ni mbili: kupata alama C katika masomo matatu ya tahasusi yake (mchanganyiko wa masomo anaouchagua) ili asome kidato cha tano na cha sita, au kuingia chuo cha kati mpaka stashahada. Akimaliza stashahada kwa wastani wa GPA 3.0, na akiwa bado na ufaulu wake wa masomo manne ya kidato cha nne, anaweza kuomba shahada ya fani hiyo katika vyuo vikuu vingi. Ndiyo maana yale masomo manne nayarudia kila mara: yanadaiwa leo kwenye ngazi ya nne, na yatadaiwa tena miaka mitatu baadaye kwenye shahada.

Naongeza kuhusu fedha, maana ada ndiyo iliyowarudisha wengi. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada, lakini ni katika fani za kipaumbele zilizotajwa, si kila stashahada. Mwanafunzi asijiandikishe akidhani mkopo ni lazima. Asome kwanza orodha ya fani. Na kabla ya kulipa senti yoyote kwa chuo chochote, aangalie kama kimesajiliwa na NACTVET na kama kozi yenyewe imepewa ithibati. Wanaoletewa vipeperushi vituo vya daladala wakiahidiwa kuanza kesho bila sifa ni hawa hawa waliochelewa na wenye haraka ya kufidia miaka.

---

MstaafuTemeke

Marahaba, na nimeshukuru kwa masahihisho. Nilikuwa nawaambia watu hivyo kwa miaka, kumbe nawapoteza.

---

MwalimuRangiTatu

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili na nimeshaanza. Jana nilisimamisha somo la Historia na kumwomba kila mmoja aandike mahali anapotaka kuwa baada ya miaka mitatu, pamoja na masomo aliyokuwa amepanga kusajili. Watano walitaka afya, na kati yao mmoja tu alikuwa amepanga kufanya Kemia na Fizikia. Watatu wameamua kubadilisha, na mmoja ameona aende uhasibu baada ya kusoma aliyoandika Mama Nasra, maana niliwasomea. Nimeongea na mwalimu wa sekondari moja ya jirani kuhusu kutumia maabara yao Jumamosi, amesema atamuuliza mkuu wake.

Alhamisi tunaleta karatasi mezani. Nimeshajua kwamba mama lishe mmoja hana cheti cha kuzaliwa kabisa, na kijana mmoja ana majina matatu tofauti katika karatasi tatu. Nimewapigia wale watatu walioko chuoni, wawili wamekubali kuja.

Nimebaki na swali moja. Yule msichana wa Baiolojia mwenye cheti kabatini alipata D ya Kemia, C ya Baiolojia, na masomo mengine matatu ya sanaa, lakini Fizikia hakusajiliwa kabisa. Nimsajili mwaka huu kwa Fizikia peke yake, au ni kumpotezea mwaka mwingine?

---

AfisaUdahili_DSM

Msajili. Mtahiniwa wa kujitegemea aliyekwisha kufanya kidato cha nne anaweza kurudia au kuongeza somo analolihitaji, na matokeo ya vikao viwili huweza kuunganishwa anapoomba chuo. Mwambie lakini asikae mwaka mzima akisubiri: atafute zahanati iliyo karibu naye aombe kujitolea hata kazi ya mapokezi, ili ajue kama kweli anaitaka hewa ya pale. Na jina aliandike kama lilivyo kwenye cheti chake cha kwanza, herufi kwa herufi.

---

MamaNasra_Yombo

Mwalimu, kama yeye na wewe mtaridhia, nipe namba yake kwenye ujumbe wa faragha. Nina Jumamosi mbili zilizo wazi mwezi huu, na kutoka Yombo hadi Mbagala si mbali. Nitamfuata nimpeleke aone chuo.

---

MwalimuRangiTatu

Nimempigia sasa hivi. Ameuliza kama aje na cheti. Nimemwambia akitoe kabatini.